Sanduku la Chuma la Mwanapili

Amplifaya ya Mwanapili ilikufa maji kisiwani Fuma, mchana kweupe, mbele ya wanawake waliokuja pwani kuipokea kwa vigelegele. Boti ilikuwa imeshagusa mchanga. Arafa, mwimbaji wake, alishika upande mmoja wa amplifaya, Mwanapili akashika wa pili, na wakati wanashuka likaja wimbi dogo, wala si la kutajwa, likaisukuma boti kwa nyuma. Arafa akateleza. Amplifaya ikaenda chini kwa mgongo, ikabubujika mara mbili, basi. Siku hiyo Mwanapili alipiga gitaa kavukavu katika harusi ya wanawake themanini, na waliomsikia ni wale watatu waliokaa miguuni pake.

Alirudi Kismayo na hasira, na hasira zenyewe hakujua amwelekezee nani. Arafa alikuwa amelia njia nzima.

Harusi za Wabajuni wa pwani ya Somalia zina siku ya wanaume na siku ya wanawake, na siku ya wanawake mwanamume hakanyagi, awe mpiga kinanda, awe fundi wa spika, awe kaka wa bibi harusi. Ndiyo maana Mwanapili alikuwa akitafutwa kutoka Kismayo mpaka Ras Kamboni. Mwanamke anayepiga gitaa la umeme hakuwa na mwenzake pwani ile yote. Alifundishwa Mombasa, kambini, alipokuwa msichana wa miaka kumi na mitatu na familia yake imekimbia vita. Mjomba wake Mukhtari alikuwa na gitaa moja la nyuzi tano, wa sita haukuwapo, na juu ya nyuzi hizo tano alimfunza kila alichokijua. Sasa alikuwa na miaka arubaini na mitatu, amerudi Kismayo na mumewe Faisal, mjenzi wa maboti, na gitaa lake lilikuwa na nyuzi zote sita. Kilichokosekana ni cha kulipatia gitaa sauti.

Asubuhi ya pili aliibeba amplifaya kwa mkokoteni hadi dukani kwa Hussni, mdogo wake wa tumbo moja, fundi wa kompyuta mtaa wa Majengo. Hussni aliifungua mgongo, akamulika ndani kwa tochi ya simu, akanusa.

"Imekufa, dada."

"Hujagusa hata waya."

"Inanuka chaza. Chumvi imeshaila mpaka kwenye trafo. Hata ikiwaka leo, kesho itakuunguza."

"Basi nitafutie nyingine."

"Hapa mjini hakuna. Ya Mombasa huenda ikafika baada ya mwezi, huenda isifike."

Mwanapili akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. "Harusi ya Bushra ni wiki tatu kutoka leo. Kisiwani Chula. Bibi yake, Bi Mwanahija, amenipigia mwenyewe. Kasema nisipokuja na gitaa nisije kabisa."

Hussni alikuwa amesimama, macho yake yamekwama kwenye rafu ya juu kabisa, kule anakoweka vitu visivyofaa kutengenezwa wala kutupwa. Pale juu, chini ya kichwa cha printa, lilikuwapo sanduku la chuma, pana na bapa, lenye masikio mawili ya kulifungia kwa skrubu. Lilitoka katika ofisi moja iliyofungwa na watu wake wakaondoka, likaachwa na milango.

"Dada," alisema polepole, "amplifaya ni kichu gani hasa?"

"Usinichezee leo, Hussni."

"Sikuchezei. Gitaa latoa umeme mdogo sana, sivyo? Amplifaya yaupokea, yaukuza, yautia ladha, yaupeleka kwenye spika. Kukuza ni kazi nyepesi, spika za harusi zakuza zenyewe. Hiyo ladha je? Hiyo ni hesabu tu." Alishapanda kiti. "Na hesabu naweza kuiweka humu."

Aliliteremsha sanduku kwa kishindo, vumbi likawajaa. Mwanapili alipiga chafya tatu mfululizo. Alipofungua macho, mdogo wake alikuwa anacheka kama alivyocheka utotoni alipookota pweza wake wa kwanza.

"Kompyuta," alisema. "Nitakujengea kompyuta ya kupigia gitaa. Si ya mezani, inayoanguka ukiipumulia. Ya chuma, ya kufungwa ndani ya kabati, ya kubebwa na boti. Ndani yake utakuwa na amplifaya ishirini, na ngoma, na besi."

"Kwa vitu gani?"

Hussni alinyoosha mikono yote miwili kuonyesha duka lake, kama sultani anayeonyesha mji.

Vitu hivyo vilipatikana kidogokidogo. Yaliyokuwamo ndani ya sanduku la chuma yalikuwa yameshakufa, wakayatoa yote, wakabaki na ganda. Bodi, prosesa na memori vilitoka kwenye kompyuta ya ofisini iliyokanyagwa na gari. Ganda lake lilikunjika kama karatasi lakini moyo ulikuwa mzima. Diski ndogo, isiyozunguka, ilitoka kwenye laptopu iliyovunjika kioo. Kioo chenyewe, cha kugusa kwa kidole, walikipata kwenye mashine ya hesabu ya duka la dawa lililobadilisha mitambo. Kila kilipowashwa kiliandika DAWA ZIKITOKA HAZIRUDI, na ilimchukua Hussni alasiri nzima kulifuta onyo hilo. Kitu pekee kilichonunuliwa kipya kilikuwa kisanduku chekundu, kidogo kuliko sahani ya wali, cha kuingizia gitaa kwenye kompyuta. Arafa ndiye aliyekileta. Hakusema amekipata wapi wala kwa namna gani, alikiweka mezani tu, akasema, "Hii ni ya Fuma," akatoka.

Mwanapili alikuja kila siku baada ya adhuhuri. Mwanzo alikaa kwenye ndoo yake akitazama. Siku ya tatu Hussni alimkabidhi bisibisi.

"Mimi?"

"Nani ataingia uwanja wa wanawake Chula likizima? Mimi? Bi Mwanahija atanivunja miguu." Akamsogezea bodi. "Hii ni memori. Ina njia moja tu ya kuingia, na ikiingia yalia tak. Itoe."

Aliitoa.

"Irudishe."

Ililia tak. Mwanapili aliinua uso, na bila kukusudia akacheka. Miaka thelathini alikuwa amechomeka waya kwenye matundu bila kujua upande wa pili wa tundu kuna nini. Sasa aliona. Siku hiyo alifunga na kufungua mpaka ncha za vidole, ngumu kwa nyuzi, zikaanza kuuma mahali papya.

Tatizo la kwanza lilikuwa feni. Zile za sanduku la zamani zilikuwa nne, ndogo, na zilipowashwa zililia kama nyigu walioshikiwa nyumba yao. Mwanapili aliziba masikio.

"Nikiimbisha harusi na hili, watadhani ni jenereta."

Walizing'oa zote. Kwa kuwa sanduku lilikuwa na kimo cha shubiri, liliweza kumeza feni moja kubwa ya taratibu, nayo ilipozunguka ilivuta pumzi tu. Mbele ya feni Hussni alifunga kipande cha kitambaa chepesi cha chandarua, kuzuia mchanga na vumbi la chumvi. "Hiki utakifua kila Ijumaa," alisema.

Siku ya tisa wakaiwasha kwa mara ya kwanza na gitaa ndani yake.

Arafa alikuwapo. Mwanapili alivaa gitaa, akachomeka waya kwenye kisanduku chekundu. Kwenye kioo ilitokea picha ya amplifaya, na vifundo vyake, na taa yake nyekundu, kila kitu. Akapiga kamba ya tatu.

Kimya.

Halafu, kama mtu aliyeitwa akakawia kuitika, sauti ikatoka.

Akapiga tena. Kimya kidogo, kisha sauti. Akajaribu kupiga wimbo mwepesi wa chakacha, na vidole vikajikwaa juu ya sauti yake mwenyewe, akasimama, akaanza upya, akajikwaa palepale. Ilikuwa kama kuzungumza na mtu anayerudia maneno yako nyuma ya mlango.

"Ni kama kupiga gitaa la mchu mwengine," alisema. Alijaribu kucheka lakini uso ulimkatalia. Zilibaki siku kumi na mbili.

"Ngoja," Hussni alisema. Jasho lilimtoka. "Ngoja, ngoja. Hili najua ni nini. Kompyuta inachota sauti kwa mafungu, kama mchu achotaye maji kisimani. Nimeipa ndoo kubwa. Ndoo kubwa mpaka ijae, mpaka ivutwe, umeshakufa kiu. Nitaipa kikombe."

Aligusa kioo, akapunguza namba. Mwanapili akapiga. Sauti ikatoka papo hapo, lakini imejaa mikwaruzo, kama mtu anakanyaga makome.

"Sasa yachota upesi, lakini yamwaga," Hussni alieleza. "Kuna kitu chaisumbua. Kitu chaivuta mkono kila inapochota."

Alitafuta hadi adhana ya alasiri, akaenda kuswali, akarudi, akatafuta tena. Alizima hiki, akazima kile. Mikwaruzo ikapungua ila haikuisha. Arafa alikuwa amesinzia juu ya katoni. Ni Mwanapili aliyeuliza, akinyooshea kidole kijikadi chenye vijiwaya viwili, cheusi na cheupe, kwenye pembe ya bodi.

"Na hiki cha nini?"

"Cha mtandao. Cha kushika intaneti bila waya."

"Mimi harusini nataka intaneti ya nini?"

Hussni alimtazama dada yake. Kisha akachukua bisibisi, akafungua skrubu moja, akang'oa kijikadi, akakitupa kwenye kopo. Akawasha.

Mwanapili akapiga kamba ya tatu, na sauti ikawa pale, chini ya kidole, wakati uleule. Akapiga zote sita. Sauti ilikuwa nene, ya joto, ina mkia mrefu, na ilijaza duka mpaka bisibisi zikatetemeka ndani ya kopo. Arafa aliamka akipiga kelele. Mwanapili hakumsikia, alikuwa ameshaingia kwenye chakacha, kiuno kimeanza chenyewe, macho amefumba. Aligusa kioo, sauti ikawa nyembamba na kali kama za bendi za zamani zilizosikika redioni Mombasa, akagusa tena, ikawa kama anapiga ndani ya birika kubwa la msikiti, akagusa tena. Mlangoni watu wakaanza kusimama. Muuza viazi aliacha karai lake likaungua.

"Ishirini!" Hussni alipiga kelele juu ya sauti. "Nilikuambia ishirini!"

Tangu siku hiyo Mwanapili hakulala vizuri, si kwa wasiwasi, kwa hamu tu. Sanduku alilala nalo nyumbani, na adhuhuri akalirudisha dukani kwa mkokoteni. Alfajiri, baada ya kuswali, alivaa hedifoni akapiga mpaka jua likaingia barazani. Hapo awali alikuwa akifanya mazoezi kwa kubana, sauti chini, kwa sababu jirani mmoja hakupenda muziki na mwengine alikuwa na mtoto mchanga. Sasa alipiga kwa sauti ya harusi nzima na hakuna aliyesikia kitu. Faisal alikuwa akinywa chai yake pembeni, na alichokisikia ni mkewe akikwaruza nyuzi zisizolia, akitikisa kichwa, mara akicheka peke yake.

"Nieleze unasikia nini," alimwambia siku moja.

Mwanapili alimvika hedifoni masikioni, akampigia. Faisal alitulia na kikombe mkononi, chai ikapoa. Alipozivua aliuliza, "Na chombo chote hiki mtakipandisha kwenye boti hivihivi?"

Jioni alikuja na fremu. Aliichonga kwa mabaki ya mbao za boti, pembe zake zimeumana bila msumari, na ndani akaweka vipande vya mpira wa tairi ili sanduku la chuma likae juu ya mpira, lisiguse mbao. Sanduku likafungwa chini kwa masikio yake mawili, kisanduku chekundu juu yake, kioo cha dawa kwa mbele. Fremu ikawa kabati lenye mlango wa mbele, mlango wa nyuma, na vishikio vya kamba vya watu wawili.

Kwa miguu, Hussni alitengeneza kitu cha ajabu. Alichukua kibodi kidogo cha namba tupu, akakigongomea kwenye ubao, na juu ya vitufe vinne akabandika vifuniko vya mitungi. Ukikanyaga cha kwanza, sauti tamu. Cha pili, sauti kali. Cha tatu, ngoma na besi zinaanza. Cha nne, zinanyamaza. Mwanapili alifanya mazoezi ya kukanyaga peku mpaka mguu ukajua wenyewe.

Na kila siku, kabla ya kuondoka dukani, Hussni alimfungulia kompyuta, akaharibu kitu kimoja kwa siri, akamwambia, "Haya." Mara ya kwanza alichukua saa nzima. Mara ya tano alichukua muda wa kahawa moja.

Walivuka kwenda Chula asubuhi ya Alhamisi, bahari haikuwa mbaya wala nzuri. Kabati lilifungwa kwa plastiki mara tatu na Mwanapili alikaa juu yake njia nzima, gitaa mapajani, ili wimbi lolote limpitie yeye kwanza. Boti ilidunda. Kila ilipodunda, alihisi kabati likidunda chini yake, na mpira wa Faisal ukilipokea. Hussni alikuja nao, lakini alipofika ufukweni alichukuliwa na wanaume, kama ilivyo, akaenda upande wao.

Uwanja wa wanawake ulikuwa nyuma ya nyumba ya Bi Mwanahija, umezungushiwa ukuta wa mawe kwa pande tatu na ua wa makuti kwa upande wa nne. Mikeka ilishatandikwa. Harufu ya udi ilikuwa nzito kiasi cha kushikika kwa mkono. Wanawake wa Chula walikuwapo, na wa Fuma, na wengine waliotoka Ras Kamboni na hata ng'ambo ya mpaka, Kiunga. Bi Mwanahija mwenyewe, mama wa miaka themanini, mfupi, amejifunga leso mbili mpya, alizunguka kabati mara moja kama anayechagua ng'ombe.

"Gitaa liko wapi na hili ni nini?"

"Hili ndilo koo la gitaa, bibi," Arafa alijibu.

"Koo la chuma," alisema Bi Mwanahija, akaenda zake kuhangaika na halua.

Waliunganisha betri na inveta ya kugeuza umeme wake, maana umeme wa jenereta ulipatikana kwa jirani tu, na Hussni aliukataza: una mvumo, ungeingia kwenye gitaa. Bibi harusi aliletwa, amefunikwa, akakalishwa juu ya kiti kilichopambwa. Vigelegele vikapanda. Mwanapili akavaa gitaa, akabonyeza kitufe cha kuwashia.

Feni ilivuta pumzi. Kioo kilibaki cheusi. Kisha ndani ya sanduku ikalia: tiiit, tiiit, tiiit. Ikanyamaza. Tena: tiiit, tiiit, tiiit.

Uwanja wote ukageuza shingo. Mtu alicheka kwa nyuma. Mwengine, aliyekuwapo Fuma, alisema wazi, "Si ndiye yule wa gitaa bubu?"

Arafa alimshika mkono. "Tumwite Hussni."

"Aingie wapi?" alisema mama wa bibi harusi. "Hapa haingii mwanamume!"

Na hapo, kutoka upande wa pili wa ua wa makuti, ikapaa sauti inayotetemeka kwa kihoro:

"Dada! Milio mitatu! Dada, ni me—"

"Najua!" Mwanapili alipaza sauti. "Nyamaa!"

Kicheko kililipuka pande zote mbili za ua, wanawake huku, wanaume kule. Na kicheko hicho kilimfaa, kilimlegeza mabega. Alivua gitaa akampa Arafa. Akajifunga leso kiunoni, akapiga goti, akafungua mlango wa nyuma, akazima umeme, akatoa bisibisi mfukoni mwa begi la nyuzi. Skrubu ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Akavuta kifuniko. Wanawake walimsogelea kwa nyuma, wakamzibia mwanga.

"Mwanga," alisema bila kugeuka, nao wakarudi nyuma kwa pamoja, mikufu ikilia.

Memori ilikuwa palepale, lakini upande mmoja umenyanyuka kwa unene wa ukucha. Boti ilikuwa imeitikisa mpaka ikajing'oa. Aliitoa, akaifuta meno yake ya dhahabu kwa pindo la leso, akapulizia tundu. Akairudisha. Akaegemea kwa kidole gumba.

Tak.

Katika ukimya ule kila mtu aliisikia. Bi Mwanahija alisema, "Hee."

Alifunga kifuniko kwa skrubu mbili tu, hakuwa na subira ya nne. Akawasha. Feni ikavuta pumzi. Kioo kikawa cheusi, cheusi, cheusi, kisha kikapambazuka, na picha ya amplifaya ikatokea na taa yake nyekundu.

Hakusubiri kigelegele. Alivaa gitaa, akakanyaga kifuniko cha tatu, ngoma ikaingia, besi ikaingia chini yake nzito na tulivu, na yeye akaingia juu. Spika za kukodi zilizotundikwa kwenye nguzo ziliibeba sauti mpaka minazini. Kwa furaha Arafa alianza kuimba kabla ya zamu yake kufika, ikawa lazima Mwanapili amzungukie wimbo mara mbili ili wakutane. Wakakutana. Mstari wa kwanza wa wanawake ukainuka kwenye mikeka, leso viunoni, kisha wa pili, na yule aliyesema gitaa bubu alikuwa wa tatu kusimama. Mwanapili alimwona, akakanyaga sauti kali, akampigia hasa yeye, na yule mwanamke akatupa mikono juu akipiga mayowe.

Walicheza chakacha tano bila kupumzika. Kule upande wa pili wa makuti, kelele za wanaume zilikuwa zimekatika kabisa, wanasikiliza. Mwanapili alikuwa na jasho mpaka kwenye kope na hakuna mahali duniani alipotaka kuwa isipokuwa pale.

Ndipo Bi Mwanahija akaja katikati ameshika pembe ya ng'ombe na kijiti. Nyuma yake walikuwa wazee wenzake saba, kila mmoja na pembe yake ya kugongea vugo, ngoma ya zamani ya wanawake harusini.

"Sasa vugo," alisema.

Mwanapili alitafuta haraka ndani ya kompyuta ngoma iliyokaribia vugo, akaikanyaga. Bibi alianza kugonga pembe na kuimba, wenzake wakaitikia. Lakini wazee wale hawakwenda na ngoma ya mashine. Walikuwa wakikawia kidogo kila mwisho wa ubeti, kwa pamoja, bila kuangaliana, kisha wakishuka na pembe wote kwa mpigo mmoja. Na mashine, isiyojua kukawia, iliwatangulia kila mara. Mara ya tatu Bi Mwanahija aliinua kijiti.

"Huyo anayekimbia ni nani?"

Mwanapili akakanyaga kifuniko cha nne. Ngoma ikanyamaza, besi ikanyamaza. Likabaki gitaa peke yake, kwa sauti ile tamu ya kwanza, na mlio wa pembe nane. Alimtazama bibi mdomoni. Bibi alipokawia, naye alikawia, kidole kikining'inia juu ya kamba. Bibi aliposhuka, alishuka naye. Ubeti wa kwanza alikosea. Wa pili alikosea kidogo. Wa tatu walishuka pamoja, pembe nane na kamba sita, na mwili wake wote ukasisimka mpaka kwenye visigino, kwa kuwa miaka yote ile alikuwa akiusikia mkato huo kwa mbali, kambini, vinywani mwa mama zake, na hajawahi kuutia kwenye nyuzi. Bushra, aliyetakiwa kukaa kimya kama sanamu, alijifunua uso kwa mkono mmoja ili aone vizuri, na mama yake akamfunika, akajifunua tena.

Walipomaliza, watu walipiga vigelegele virefu mpaka baadhi wakakosa pumzi. Arafa alikuwa analia tena, ila sasa anacheka pia. Mwanapili alikaa kwenye mkeka, mgongo ameuegemeza kwenye mbao za kabati, vidole vinamwaka moto.

Bi Mwanahija alimjia, akainama, akaweka kiganja juu ya sanduku la chuma.

"Lina joto."

"Linafanya kazi, bibi."

"Basi lisipoe. Tuna beti kumi na moja zimebaki, na hizo wasichana hawa hawazijui."

Mwanapili akafungua chupa ya maji, akanywa nusu, nusu akajimwagia shingoni, akanyoosha mkono Arafa amwinue.